Bwawa la kuogelea linapoteza maji: kutafuta mvujo na kuuziba

Maji ya bwawa hupungua hata pasipo na tundu. Jua na upepo huchukua sehemu yao kila siku, waogeleaji hutoka na maji kwenye nguo na nywele, na kila filta inapooshwa mamia ya lita huenda na uchafu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza panavuja wapi, uliza kwanza kama panavuja kweli. Wanaoruka hatua hii ndio huishia na vigae vilivyobanduliwa na mtaro uliochimbwa mahali ambapo bomba ni zima.

Kuna hesabu moja ya kuweka kichwani: milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bwawa la mita 8 kwa 4 lina eneo la mita za mraba 32, basi kila milimita inayoshuka ni lita 32, na sentimita 1 ni lita 320. Mvuke peke yake huondoa kama milimita 3 hadi 6 kwa siku. Kukiwa na joto kavu na upepo unaovuma mchana kutwa, hata milimita 10 si ajabu. Bwawa lenye maji ya vuguvugu hupoteza zaidi usiku wa baridi, na chemchemi au maporomoko ya mapambo huongeza mvuke kwa sababu maji yanarushwa hewani. Kuosha filta kwa dakika 3, kwa pampu inayosukuma lita 200 kwa dakika, ni lita 600, yaani karibu sentimita 2 katika bwawa hilohilo. Mtu aliyesahau kwamba filta ilioshwa jana anaweza kusaka mvujo wiki nzima bure.

Kama bwawa lina koki ya boya inayojaza maji yenyewe, ifunge leo. Koki hiyo ndiyo mficha siri mkubwa: kina hakishuki hata siku moja, dalili unaziona kwenye bili ya maji na kwenye dawa tu. Chumvi au asidi ya sianuriki (dawa inayokinga klorini isiharibiwe na jua) ikizidi kushuka bila sababu, maji mapya yanaingia mahali pa yale yaliyotoka, kwani vitu hivi haviondoki na mvuke. Angalia pia boya lenyewe. Likiwekwa juu kupita kiasi, maji humwagika kimyakimya kwenye bomba la kutolea maji yaliyozidi saa zote, na hapo hakuna cha kuziba, ni kulishusha tu.

Kipimo cha ndoo

Chukua ndoo ya plastiki, weka jiwe ndani isielee, isimamishe kwenye ngazi ya bwawa ili sehemu kubwa iwe majini. Ijaze maji ya bwawa mpaka kina cha ndani kilingane na cha nje. Weka alama mbili kwa utepe, moja ndani na moja nje. Koki ya boya iwe imefungwa, chemchemi zimezimwa, asiogelee mtu, na mvua isinyeshe. Ndoo iwe ndani ya bwawa, si pembeni yake, maana joto la maji likitofautiana mvuke nao hutofautiana na kipimo kinakuwa bure.

Subiri saa 24 pampu ikifanya kazi kama kawaida, kisha pima kwa rula kutoka kwenye kila alama. Sawazisha tena, rudia saa 24 nyingine pampu ikiwa imezimwa kabisa. Tuseme ndoo imeshuka milimita 6 na bwawa milimita 18. Tofauti ni 12, na katika bwawa la mita za mraba 32 hizo ni lita 384 kwa siku. Huo ni mvujo. Tofauti ya milimita 1 au 2 usiihangaikie, kwa sababu ukingo wa ndoo huyakinga maji ya ndani na upepo, hivyo ndoo hupoteza kidogo kuliko bwawa hata kama bwawa ni zima.

Sasa linganisha siku mbili hizo.

Bwawa likipoteza zaidi pampu inapofanya kazi, shuku upande wa msukumo: kuanzia pampu yenyewe, filta, valvu zake, hita kama ipo, hadi mabomba yanayorudisha maji bwawani. Huko maji yanasukumwa, na ufa mdogo wa bomba hutoa maji mengi.

Likipoteza zaidi pampu ikiwa imezimwa, shuku upande wa kuvuta, yaani mabomba kutoka skima (mdomo ulio ukutani unaovuta maji ya juu pamoja na takataka zinazoelea) na tundu la sakafuni hadi kwenye pampu. Pampu ikivuta, hewa huingia kwenye ufa badala ya maji kutoka. Ikizimwa, maji hutoka palepale.

Likipoteza sawasawa siku zote mbili, tatizo mara nyingi liko kwenye bwawa lenyewe: skima, taa, maungio ya ukutani, ufa, au turubai la ndani.

Maji yanaposimama

Kipimo cha pili ni kuacha maji yashuke yenyewe na kuona yanakomea wapi. Pampu izimwe kabla maji hayajafika chini ya mdomo wa skima, isije ikanyonya hewa na kuunguza sili yake, yaani kizuizi cha maji kwenye mhimili wake. Kila asubuhi weka utepe kwenye kina kipya.

Yakisimama chini kidogo ya mdomo wa skima, chunguza skima na bomba lake. Yakisimama usawa wa taa, ni taa. Usawa wa matundu ya kurudishia maji, ni maungio hayo au mabomba yake. Yakipita vyote hivyo bila kusimama, kilichobaki ni sakafu, tundu la chini, au ufa ulio chini ya kiwango ulichofikia.

Hapa kuna hatari ambayo haitaki mzaha. Usiache bwawa likauke. Maji ya ardhini yakiwa juu, bwawa tupu la zege au faibaglasi linaweza kuinuliwa kama mtumbwi, na mabomba yote yakakatika. Turubai la vinili nalo likikaa bila maji hunywea na kupasuka linapojazwa tena. Acha angalau sentimita 30 katika upande wa kina kifupi, na kama maji yanashuka kwa kasi kuelekea hapo, jaza kwa mpira wa maji huku unaendelea kutafuta.

Anzia kwenye mashine

Kabla ya kuvaa miwani ya kuogelea, zunguka mahali penye pampu na filta. Mvujo unaoonekana kwa macho, ukiwa nchi kavu, ndio rahisi kuliko yote, na ndio watu wanaoupita wakikimbilia bwawani.

Angalia kwanza bomba la kumwaga maji machafu. Valvu ya filta, ile yenye mkono wa kuchagua njia ya maji, ikiwa kwenye nafasi ya kuchuja, bomba hilo linatakiwa kuwa kavu. Likichuruzika, ndani ya valvu ya njia sita kuna gasketi ya mpira yenye umbo la tairi ya baiskeli na spoki zake, na imeliwa au imehama kwenye mfereji wake. Sababu ya kawaida ni mtu kuzungusha mkono wa valvu pampu ikiwa bado inasukuma. Presha huivuta gasketi na kuikunja. Chembe moja ya mchanga nayo yatosha kuifanya isikae sawa.

Kuibadilisha: zima pampu, funga valvu za pande zote, fungua hewa juu ya filta mpaka geji isome sifuri. Chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika kutoka kwenye mfuniko hadi kwenye mwili wa valvu, maana mfuniko ukirudishwa vibaya kila nafasi itakuwa imehama. Fungua skrubu kidogokidogo kwa zamu, kwa sababu chini ya mkono kuna springi yenye nguvu. Toa gasketi ya zamani, kwangua mifereji yote ibaki safi na kavu, weka mpya ikae kila upande, na kama ni ya kugandishwa kwa gundi, acha gundi ikauke kwanza. Kaza skrubu kwa kukatiza pande zinazoelekeana, si kwa mzunguko.

Tone linalodondoka kati ya mota na sehemu ya maji ya pampu ni sili ya mhimili. Ina nusu mbili zinazosuguana, moja nyeupe ya kauri na moja nyeusi ya kaboni. Hufa pampu inapozunguka bila maji. Unapoweka mpya, usiziguse nyuso zake kwa vidole. Mafuta ya mkono na vumbi huzifanya zivuje mapema. Ukichelewa kuibadilisha, maji huingia kwenye beringi za mota, na utaanza kusikia mlio wa kusaga.

Mapovu kwenye matundu ya kurudishia

Mapovu yanayotoka bwawani bila kukoma, au pampu inayochukua muda mrefu kushika maji, ni hewa inayoingia upande wa kuvuta. Hakikisha kwanza maji yamefika nusu ya mdomo wa skima na kikapu si kichafu. Kisha fungua mfuniko wa pampu. Ringi yake ya mpira ikiwa imekakamaa, ina mipasuko, au imebapa upande mmoja, ibadilishe. Ipake grisi ya silikoni. Usitumie mafuta ya kujipaka mwilini yatokanayo na petroli, kwa sababu huvimbisha na kulegeza mpira wa aina nyingi.

Kama mfuniko ni mzima, washa pampu na upake povu la kunyolea kwenye kila ungio kati ya ardhi na pampu, pamoja na shingo za valvu. Povu likizama na kuacha kishimo, hapo ndipo hewa inapopita. Ungio lenye nyuzi lifunguliwe, lisafishwe na lizungushiwe utepe mweupe wa mafundi bomba upya. Lile la gundi likatwe na kugandishwa upya.

Rangi chini ya maji

Rangi ya chakula nyekundu au ya bluu, na bomba la sindano lisilo na sindano, ndivyo vifaa vyote unavyohitaji. Zima pampu, subiri nusu saa maji yatulie kabisa, ingia polepole. Ukisogea kwa haraka mkondo wa mwili wako ndio utakaovuta rangi, nawe utadhani umepata tundu. Shika ncha ya bomba sentimita 1 au 2 kutoka mahali unapopashuku, bonyeza kidogo sana, uzi mwembamba wa rangi utoke. Pasipovuja, uzi huning'inia kisha hutawanyika kama moshi. Panapovuja, hunyooka na kuingia ukutani. Rudia mara mbili au tatu kabla ya kuamini.

Usiende kwenye tundu la sakafuni pampu ikiwaka. Mvuto wake unaweza kunasa nywele au mkono na kumshikilia mtu chini ya maji.

Elekeza rangi kwanza mahali ambapo vitu viwili tofauti vinakutana: plastiki na zege, chuma na plasta, ringi ya taa na ukuta. Katikati ya ukuta mzima huja baadaye. Zege na plastiki havitanuki kwa kiasi kimoja kwenye joto, na mpaka kati yao ndio unaoachana kwanza.

Skima. Pitisha rangi kwenye mpaka kati ya mdomo wa plastiki na zege, hasa pembe mbili za chini. Ndani yake jaribu pia ungio la bomba chini ya kikapu. Ukipata ufa, sugua pande zote kwa brashi ngumu ya plastiki uondoe ute na chokaa. Brashi ya waya wa chuma uiache: vipande vyake hubaki kwenye plasta na kutia kutu. Chukua gundi ya epoksi ya kukandwa inayokauka ndani ya maji, kata vipimo sawa vya sehemu zake mbili, kanda kwa mikono iliyolowa na glovu mpaka michirizi yote iishe na rangi iwe moja. Ikibaki na michirizi haitakauka. Itandaze kama kamba kando ya ufa, isukume ndani kwa dole gumba, kisha ibapishe iwe unene wa milimita 5 hivi na ivuke ufa kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Ncha zake zilainishwe ziambae ukutani, kwani ukingo ulioinuka huchokonolewa na brashi ya kusafishia. Pampu isiwashwe kwa saa 24. Ufa ukirudi mahali palepale baada ya miezi michache, lawama iko kwenye sakafu ya nje inayosukuma skima. Pale inapokutana na ukingo wa bwawa panatakiwa nafasi iliyojazwa mpira laini, si simenti.

Taa. Zima umeme kwenye swichi kuu ya sakiti hiyo, siyo swichi ya ukutani pekee, na uhakikishe mwingine haiwashi. Fungua skrubu iliyo juu ya ringi, toa taa, inyanyue hadi ukingoni kwa waya uliozungushwa nyuma yake. Waya ukiwa mfupi usiuvute. Nyuma ya shimo la taa kuna bomba dogo linalopitisha waya kwenda juu. Kwa kawaida bomba hilo hujaa maji hadi usawa wa bwawa, na hilo si kosa. Kosa ni pale bomba linapopasuka au kuachia kwenye ungio ndani ya udongo. Weka rangi kwenye mdomo wake. Ikivutwa, ziba nafasi kuzunguka waya kwa epoksi hiyohiyo au kizibo cha mpira kilichotengenezwa kwa kazi hii. Silikoni ya kawaida ya dirishani haishiki mahali palipolowa. Na taa usiijaribu ikiwa nje ya maji, kwani nyingi hupozwa na maji na huungua haraka.

Tundu la sakafuni la bwawa la zege linaweza kuwa na valvu ya springi inayoruhusu maji ya ardhini kuingia presha inapozidi chini. Kokoto au mchanga ukikwama pale, valvu haifungi na bwawa huvujia humo. Mara nyingi kuisafisha kunatosha. Usiizibe kabisa, ndiyo inayozuia bwawa lisiinuliwe.

Nyufa za ukuta na sakafu

Mistari midogo kama nywele kwenye plasta, inayosambaa kama ramani, mara nyingi haivujishi chochote. Ufa unaovuta rangi, unaozidi kurefuka, au wenye doa la kutu kando yake ni jambo jingine: kutu inasema maji yamefika kwenye nondo. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili na tarehe, uone kama unatembea.

Ufa uliotulia hufukuliwa mfereji wa umbo la V wenye kina cha kama sentimita 1 hadi 2, ukaoshwa, kisha ukajazwa simenti ya kuziba maji. Simenti hiyo hukakamaa kwa dakika chache tu, kwa hiyo changanya konzi moja kwa wakati, isukume ndani na uishikilie kwa mkono wenye glovu mpaka ikaze. Ufa unaotembea ukiuziba hivyo utafunguka tena. Huo unahitaji kudungwa poliyurethani na wakati mwingine kufungwa kwa vyuma vya kushikiza, kazi ya fundi wa zege.

Kwenye turubai la vinili, kata kiraka cha duara kinachozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande. Pembe za mraba hubanduka. Paka gundi ya chini ya maji upande mmoja, kikunje kama chapati ili gundi isioshwe njiani, kifungue juu ya tundu, sukuma maji kutoka katikati kwenda nje, weka uzito juu kwa saa 24. Pakiwa na shimo laini chini ya turubai, mchanga umeshaoshwa, na kiraka peke yake hakitarudisha mchanga huo.

Mabomba yaliyozikwa

Yote yakiwa salama, kagua bomba moja moja. Ziba mdomo wa bwawani kwa kizibo cha mpira cha kukaza, na upande wa pampu weka kizibo chenye geji na koki. Jaza bomba maji, toa hewa yote, pandisha presha hadi 1 bar hivi, funga koki. Bomba zima hushikilia sindano palepale kwa nusu saa. Ikishuka, kaza vizibo kwanza na urudie, kwani vizibo hudanganya mara nyingi kuliko mabomba. Usitumie hewa ya kompresa: bomba la PVC lililojaa hewa hupasuka na kurusha vipande. Wala usisimame mbele ya kizibo kilicho chini ya presha.

Ukishajua ni bomba lipi, tafuta udongo uliolowa, kigae kilichozama au nyasi zilizostawi kuliko jirani zake. Chimba hadi upate nafasi ya sentimita 30 kila upande wa ufa. Kata kipande kibovu kwa msumeno, mkato uwe wima, kwangua makapi, jaribu viungio vikiwa vikavu. Bomba lisipoweza kupindwa, tumia soketi mbili zisizo na kizuizi katikati, ambazo huteleza. Kausha kabisa; tone moja linalotiririka ndani wakati wa kugandisha huharibu ungio. Paka praima (majimaji ya kulainisha plastiki ili gundi ishike), kisha gundi pande zote mbili, ingiza kwa kuzungusha robo mzunguko, shikilia sekunde 30. Subiri saa 24, pima presha tena shimo likiwa wazi, ndipo ufukie.

Baada ya matengenezo yoyote rudia kipimo cha ndoo, siku moja pampu ikiwaka na siku moja ikiwa imezimwa. Mabwawa ya zamani huwa na mvujo wa pili uliofunikwa na wa kwanza. Tofauti ikishuka kutoka milimita 12 hadi 5, umeziba mmoja na mwingine bado upo. Tofauti ikirudi chini ya milimita 2, pima klorini, pH, ugumu wa maji na asidi ya sianuriki, maana sehemu kubwa ya maji sasa ni mapya, kisha ndipo ufungue koki ya boya.